Mvua ya Mawe kwa Baadhi ya Maeneo

Jani la mgomba likichanwa na mvua ya mawe lina harufu yake. Siyo ile ya jani linalokatwa kwa kisu kwenda kufunikia ndizi jikoni; hiyo ni harufu ya chakula. Nasema harufu ya shamba zima lililochanwa kwa mpigo mmoja, utomvu na maji na udongo uliopoa ghafla, harufu kali inayokamata kooni. Msimu huu mawe yamepiga huku Kanazi ninakoishi. Hayakudumu hata muda wa chai kuchemka. Nilipofungua mlango harufu ile ikaingia bila hodi, nami nikakaa chini hapo hapo kizingitini.

"Mama, unaumwa?" binti yangu akaniuliza.

"Siumwi."

Akachungulia simu yake. "Mbona hii walitangaza tangu jana? Baridi kali, na mvua ya mawe kwa baadhi ya maeneo."

Chakula cha siku hiyo sikukigusa. Maneno yale, baadhi ya maeneo, ndiyo yaliyotutoa kwetu. Binti yangu hajui, na wala sikuwahi kumweleza vizuri, maana kila nikianza nasikia sauti yangu inapanda kama ya mgomvi. Basi naandika. Nawaandikia watu wa rika langu, sisi tuliosikia mizinga tukiwa bado tunalala mgongoni mwa mama zetu, kisha tukawazika wazazi wenyewe kabla hatujamaliza kukua. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la tatu, na sababu ya kuishia hapo ni hii hii ninayoieleza. Majina nitayataja. Valeriani, mdogo wake baba. Leokadia, jirani yetu wa upande wa chini. Petro, mkubwa wa ukoo. Wapo wanaoniambia kwamba wafu hawasemwi vibaya. Sawa. Na sisi tuliosemwa vibaya tukiwa hai, nani alituonea haya?

Kwetu ni mlimani, juu ya Nshamba, mahali ambapo asubuhi ukungu unakaa ndani ya migomba hadi jua liwe limepanda. Kibanja cha baba kilikuwa kizuri. Siyo kikubwa, lakini kizuri, migomba minene iliyowekewa nyasi chini, mibuni katikati yake, maharage pembeni, na mpaka wote umezungushiwa milamula, ile miti myembamba ambayo kwetu ukishaiona unajua hapa ni mwisho wa mtu na mwanzo wa mtu. Baba alikwenda vitani na mgambo, akavuka mto, akafika Masaka. Wengine walirudi na saa, wengine na baiskeli, wengine hawakurudi. Baba alirudi na redio. Ilikuwa na mfuko wa ngozi wenye matundu mbele, na kwenye ngozi ile pembeni palikuwa na alama ya kuungua. Aliwaambia watu aliinunua. Hakuna aliyeamini, na hakuna aliyemlaumu pia, maana waliobaki mlimani nao hawakuwa malaika.

Baada ya miaka michache baba akaanza kukonda. Mwanzo walisema ni malaria, baadaye wakasema amerogwa na watu wa Masaka wanaotaka redio yao, baadaye wakashusha sauti wakasema Juliana, jina ambalo ugonjwa ule ulikuwa nalo kwetu kabla haujapewa jina la hospitali. Alifariki wakati wa senene. Nakumbuka watoto wenzangu walikuwa wanakimbiza senene majanini na mimi nimekaa kwenye nyasi za msiba, natamani kukimbia nao. Tukabaki watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Fidelisi aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Mama aliitwa Justa. Watu walimwita Ma Justa kwa heshima, hadi walipoacha.

Mama na ile redio walikuwa na utaratibu wao. Asubuhi anatoa betri anazianika juani, juu ya jiwe karibu na jiko, zipate nguvu. Mchana saa saba anazirudisha, anakaa kwenye kigoda, sikio limeegemea ule mfuko wa ngozi, anasikiliza habari. Habari zenyewe hakuzijali. Alikuwa akisubiri ya mwisho, hali ya hewa. Alianza tabia hiyo baba akiwa vitani, kwenye redio ya duka la ushirika, akitaka kujua kama kule anakolala kunanyesha. Baba aliporudi hakuacha, na alipokufa ndiyo akazidi.

Mimi nilikuwa naisikiliza hali ya hewa kwa hofu. Mtajua kwa nini mkikumbuka miaka ile. Sukari ilikuwa kwa mgao. Sabuni kwa mgao. Mafuta ya taa, chumvi, hata kitambaa cha sare. Lori linakuja duka la ushirika, mtu anasoma mikoa na wilaya, halafu balozi wa nyumba kumi anakuja kugawa: wewe kibaba, wewe nusu, wewe hukuhudhuria mkutano, subiri. Sasa nisikie redio inasoma, Mwanza jua, Musoma mawingu, Kagera mvua. Mimi nifikiri nini? Nilijua kabisa kwamba hewa nayo inagawiwa. Huko Dar es Salaam yuko bwana mwenye sauti nzito, ana ghala la jua, ghala la mvua na ghala la baridi, anautajia kila mkoa fungu lake. Na fungu likishafika mkoani, lazima awepo mtu wa kuligawa nyumba kwa nyumba. Nilichokuwa sijui ni nani huku mlimani anayegawa. Nilimwangalia mama alivyoinamia ule mfuko wa ngozi, akitikisa kichwa taratibu kama anayepokea maagizo, na nikaanza kuwa na wasiwasi.

Siku moja redio ilisema Kilimanjaro kuna theluji nyepesi.

"Mama, theluji ni nini?"

"Ni barafu. Inaanguka kama unga unaomwagika kwenye kinu."

"Inauma?"

"Ya kule haiumi. Ni laini. Ya kwetu ndiyo inauma, ya kwetu inakuja mawe."

"Kwa nini wao walipewa laini?"

Mama alicheka. "Kamuulize Mungu, mwana wange." Lakini mimi nilidhani ananificha.

Tangu baba azikwe, Valeriani alikuwa hapungui nyumbani. Alikuwa mwanamume wa maneno mazuri, mwenye koti la kahawia alilovaa hata kwenye jua, na alimwita mama "shemeji wangu" kwa sauti ya kanisani. Kila jioni alizunguka kibanjani kwetu, anagusa mgomba huu, anagusa ule, anainua nyasi kwa kidole cha mguu kuangalia udongo. Mimi nilimpenda. Niliamini anatulinda na wezi wa ndizi. Nilikuwa nikimfuata nyuma nikijivuna, nikimwonyesha mikungu iliyokomaa. Alikuwa akinipapasa kichwa na kusema, "Wewe unakijua kibanja kuliko mama yako." Nilimkabidhi shamba lote kwa vidole vyangu mwenyewe, mkungu baada ya mkungu, wala yeye hakuhitaji kuniuliza.

Msimu wa kahawa ulikuwa unaelekea mwisho ndipo baridi ikaja ya ajabu. Asubuhi pumzi zilikuwa zinatoka moshi. Kuku walikataa kushuka. Kila uwanja ulikuwa na mikeka ya kahawa inayosubiri jua. Mchana mama akasikiliza, nami nikiwa karibu nikasikia pia: Ukanda wa Ziwa baridi itaendelea, na kwa baadhi ya maeneo ya miinuko ya Kagera kutakuwa na mvua za ngurumo zenye mawe. Mama akazima redio, akajifunga kanga kichwani, akanishika mkono tukatoka.

Tulianzia kwa Leokadia. Alikuwa mjane kama mama, mcheshi, mwenye kucheka kwa bega. Alikuwa anageuza kahawa yake kwa mguu.

"Ma Leokadia, waitu, ndugu yangu, anua. Redio imesema mawe yanakuja."

"Yanakuja na basi gani?"

"Sifanyi utani. Kesho au keshokutwa."

"Heee! Tangu lini Ma Justa umekuwa katibu wa mawingu?" Akacheka bega likatetemeka. "Nikianua itaoza ndani. Nenda, nenda ukawatishe watoto."

Nyumba baada ya nyumba ikawa hivyo hivyo. Wengine walicheka, wengine walisema ahsante na hawakuinuka. Mwisho tukafika kwa Valeriani. Kwake palikuwa na wanaume wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, chini ya kibanda, na mbele ya wanaume hao alicheka kuliko wote.

"Shemeji wangu, redio ile ni ya maiti. Maiti anaona baridi tu, atakutangazia nini kingine?"

Wanaume wakaangua kicheko. Mama akageuka aondoke. Valeriani akatufuata hadi njiani, na pale njiani, hakuna anayesikia isipokuwa mimi, sauti yake ikawa nyingine. "Imesema lini hasa?" Mama akamwambia. Akasugua kidevu. Kisha akasema, "Nitakuja kuazima jembe lako, langu limevunjika mpini." Akaja kulichukua jioni ile ile.

Hilo jembe lina maana, na vijana wa siku hizi hawajui. Kwetu mvua ya mawe ikianza, mwenye nyumba anatupa jembe uani, makali yakitazama juu, ili mawe yakatike. Padri alikuwa akikataza, na kila mtu alikuwa akimkubalia padri na kulitupa jembe. Nyumba ambayo haitupi jembe, ina maana haiogopi. Na asiyeogopa mawe, watu wanataka kujua kwa nini.

Mawe yalikuja mchana wa keshokutwa yake. Kwanza palikuwa kimya, hata kunguru walinyamaza. Kisha nikasikia mlio kutoka upande wa ziwa kama lori limemwaga kokoto na haziishi kumwagika. Nilichungulia mlangoni. Kwa Leokadia kulikuwa kunapigwa hadi migomba inainama kama watu wanaoomba radhi. Majembe yakawa yanaruka kutoka milangoni, kwa huyu, kwa yule, nayaona yanatua uani. Mama alizunguka nyumba nzima akitafuta la kutupa, akakumbuka, akabaki amesimama na mwiko mkononi. Akautupa mwiko. Nilitamani kucheka, nikaona uso wake nikaacha.

Na kwetu hayakufika. Namshukuru Mungu na namlaumu Mungu kwa hilo. Wanaojua mvua ya mawe wanajua inavyopita, kama fagio, inafagia hapa inaacha pale. Ilipita kwa Leokadia, ikapita kwa walioko nyuma yake, ikafika kwenye milamula ya mpaka wetu, ikakata kona. Tulipata mawe machache tu ya kuchezea. Nilitoka nikayaokota. Uwanja wa Leokadia ulikuwa mweupe kabisa, unafuka moshi wa baridi, na mimi nikasema kwa furaha kubwa, "Mama, theluji ya Kilimanjaro imeletwa huku!" Leokadia alikuwa amesimama katikati ya weupe ule, miguu peku, mkeka wake wa kahawa umezama. Alinitazama mimi. Kisha akatazama migomba yetu, mizima, majani yote mahali pake. Ndipo harufu ile ya majani ikatufikia, mara yangu ya kwanza kuisikia.

Toka uwanjani kwetu nyumba ya Valeriani ilionekana chini. Uwanja wake nao ulikuwa mweupe. Lakini hapakuwa na mkeka hata mmoja. Niliona, nikafikiri: baba mdogo ana bahati.

Siku zilizofuata watu walianza kupungua nyumbani. Kwetu mgeni akiingia anapewa akamwani, kahawa kavu iliyochemshwa na majani, kwenye kikapu kidogo, atafune huku mkiongea. Mwenye nyumba anachukua ya kwanza mwenyewe, mgeni aone kwamba hakuna kitu ndani. Mama alichukua ya kwanza, akatafuna, akasogeza kikapu. Mke wa jirani mmoja aliyekuja kuomba moto aliziangalia zile punje, akasema meno yanamuuma. Aliyekuja baada yake naye meno yalikuwa yanamuuma. Mama akatafuna peke yake. Alikuwa ameanza kukohoa kidogo wakati ule, na mimi leo najua walikuwa wanaogopa vitu viwili kwa pamoja, uchawi na ugonjwa, na walikuwa wameshavifunga fungu moja. Redio haikuwasaidia. Redio ilijua theluji imeanguka kilele gani, lakini juu ya kitu kilichokuwa kinazimaliza nyumba za wilaya yetu ya Muleba haikuwa bado imesema neno.

Nami pia nilikuwa namchunguza mama. Nilikuwa nalala nikijiuliza kama ni yeye aliyeligawa fungu la mawe, kama alimnyima Leokadia jua kwa sababu ya kile kicheko cha bega. Mtoto hana amri juu ya fikra zake, zinamwongoza zinavyotaka. Nilianza kumtii kupita kawaida. Alidhani nimekua.

Valeriani ndiye aliyekuwa anakuja bado, na kila akija alikuwa na habari. "Shemeji wangu, wanasema vibaya huko. Mimi nakutetea." Mama akimuuliza nani anasema, anapumua. "Usiniulize majina. Watu wote." Nilimwona ni mwamba wetu. Hadi siku nilipotumwa kuchota maji, nikapita nyuma ya kibanda chake cha rubisi, nikasikia sauti yake ya kanisani ikisema, "Mimi ni ndugu wa marehemu, inaniuma kuliko ninyi. Lakini jiulizeni. Nyumba zote zilitupa jembe. Ya Justa ilitupa?" Nikabaki na ndoo kichwani. Jembe letu lilikuwa limeegemea ukuta wa kibanda kile, nalijua kwa mpini wake uliofungwa waya na baba. Mpini wake yeye niliuona pia, mzima kabisa.

Nilimweleza mama. Akasema, "Usimwambie mtu. Tusubiri waje, wakija nitasema mbele ya wote." Alikuwa na imani na maneno kusemwa mbele ya wote. Hiyo ilikuwa imani yake kubwa kuliko ya kanisani.

Wakaja asubuhi baada ya misa, ukoo mzima na majirani, wakakaa uwanjani kwetu. Petro akakalia kigoda cha mama. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, na mimi hadi leo nawaogopa zaidi watu wapole.

"Justa, hatukuja kugombana," akaanza. "Watu wamebaki bila ndizi, bila kahawa. Na wewe ulitangaza kabla."

"Mimi sikutangaza, waitu. Ilitangaza redio."

"Redio ilipita mlangoni kwangu?" Leokadia akadakia. "Aliyepita ni wewe na kanga yako kichwani!"

Wengine wakacheka. Petro akainua mkono. "Jembe lako lilikuwa wapi siku ile?"

"Kwa Valeriani. Aliliazima."

Watu wakamgeukia Valeriani. Akafungua mikono kama padri. "Shemeji, mimi nina majembe nyumbani kwangu. La kwako niliazime nilifanyie nini?"

"Liko ukutani pa kibanda chako sasa hivi."

"Liko. Nilikuta umelitupa shambani likiliwa na kutu, nikakuhifadhia."

Nilitaka kusema. Mdomo wangu ulifunguka. Mama akanikanyaga mguu taratibu, maana mtoto wa kike akisema pale ingekuwa ni yeye amenifundisha. Kisha akasimama wima, na nikaona kwamba amefika kwenye neno alilokuwa analitunza.

"Haya, tuache jembe. Mlima mzima kahawa imelowa. Ya kwako, Valeriani, ilikuwa ndani. Ulinicheka mbele ya wanaume, kisha ukaenda kuianua. Kwa nini uliianua?"

Hata Leokadia akamtazama. Valeriani aliangalia chini muda mrefu, akavuta pumzi, na alipoinua uso alikuwa na machozi, machozi ya kweli kabisa.

"Niliianua kwa sababu nakujua, Justa."

Mmmh, watu wakaguna, uwanja mzima, guno moja refu. Mama alikuwa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Akasema, "Subirini saa saba. Msikie wenyewe." Betri zilikuwa juani tangu asubuhi. Petro akakubali, alikuwa mtu wa haki, kila mtu alisema hivyo. Saa saba mama akaiweka redio katikati ya uwanja juu ya kinu kilichopinduliwa, akaifungua hadi mwisho. Tukasikiliza habari zote, wazee wameinama. Ikafika hali ya hewa. Bwana yule mwenye sauti nzito akaanza kusoma mikoa yake. Kilimanjaro, theluji nyepesi kileleni. Ukanda wa Ziwa, baridi na mawingu. Mkoa wa Kagera, mvua kwa baadhi ya maeneo.

Mama akaizima. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Mmesikia? Ni mimi ninayesema hapo?"

Wazee wawili watatu walitikisa vichwa. Mmoja akasema, "Ni kweli, ni redio, hata vitani ilikuwa inasema hivi hivi." Nilihisi mkono wa mama unalegea mkononi mwangu. Kibanja kilikuwa kimebaki chetu, kwa muda wa pumzi mbili tatu hivi.

Petro akakohoa. "Tumesikia. Redio haina kosa, hakuna anayeishitaki redio. Imesema Kagera, baadhi ya maeneo. Kagera ni kubwa, waitu. Kuna Kyaka, kuna Biharamulo, kuna visiwa. Huyo bwana wa Dar es Salaam haijui milamula ya Justa wala uwanja wa Leokadia. Mbwenu, basi, mimi nauliza jambo moja tu. Hiyo baadhi, nani aliichagua?"

Wote wakamgeukia mama. Na mimi, mtoto wake wa kumzaa, nilikuwa nimemtazama mama kama wao, nikisubiri jibu, kwa sababu lilikuwa ni swali langu mwenyewe. Mama alizungusha macho kwa watu wote, mmoja mmoja, akafika kwangu. Aliponiona ninavyomtazama, alikaa chini.

Uamuzi haukuchukua muda. Justa arudi kwao Kanazi akapumzike. Walisema hivyo, akapumzike. Fidelisi ni mrithi wa ukoo, atabaki, baba yake mdogo atamtunza yeye na kibanja chake. Mimi mtoto wa kike sina kibanja, naweza kwenda na mama au kubaki, vyovyote. Redio ni kitu cha vita cha marehemu, ni mali ya ukoo, ikachukuliwa na Valeriani chini ya lile koti. Tulipoondoka Fidelisi alikuwa amelala, wakasema asiamshwe. Hakuona msimu mwingine wa kahawa. Walisema alikunywa maji mabaya. Aliyeleta habari alituambia redio inalia vizuri pale kwa Valeriani, watu wanakwenda kuisikiliza, wakisikia mvua wanaanua. Mama alizikwa Kanazi, upande wa kaka zake, siyo pale alipozikwa baba. Valeriani alikufa na ugonjwa ule ule, polepole, na mtu akanitumia salamu nikamtazame. Sikwenda. Watoto wake ndio wanaokula ndizi za baba yangu hadi leo, wakinikuta sokoni Bukoba wananiita dada.

Lakini kuna jambo la asubuhi ile tulipoondoka ambalo linanisumbua kuliko hayo. Mama alikuwa na furushi kichwani, mimi nina sufuria. Baridi ilikuwa imebana, upande wa ziwa mawingu yamefunga, juu ya mlima kajua kamejitokeza kadogo. Tulipofika usawa wa Leokadia, alikuwa amesimama njiani, ungo wa kahawa mikononi. Nilijiandaa kwa matusi. Akatazama huku, akatazama kule, kama hakuna mtu.

"Ma Justa, waitu." Siku nyingi hakuwa amemwita hivyo.

Mama akasimama.

"Hii kahawa yangu iliyobaki inaota ukungu ndani ya nyumba. Ndiyo ada ya mtoto, ndiyo kila kitu." Akashusha sauti. "Leo nianike?"

Yeye ndiye aliyemshitaki mbele ya ukoo, na alikuwa anamuuliza kwa heshima, kama mtu anavyomuuliza daktari. Redio hatukuwa nayo. Mama hakuinua macho kutazama mawingu. Alimtazama Leokadia usoni, muda mrefu, kwa upole nisiouelewa.

"Anika, dada," akasema. "Anika yote."

"Ahsante, waitu. Ahsante sana. Mungu awatangulie." Akakimbia kwenda kutandika mikeka.

Tukashuka. Kabla hatujafika Nshamba upepo ukageuka, tone la kwanza likaanguka ndani ya sufuria yangu, likalia. Kisha mvua ikateremka yote, nzito, isiyo na mawe. Niligeuka kutazama nyuma, mlima ulikuwa umeshapotea.

"Mama," nikasema, "kahawa ya Ma Leokadia."

Alivuta kanga ikamfunika hadi puani, nikabaki naona macho tu, nayo yalikuwa yanatazama mbele.

"Tembea," akasema. "Gari litatuacha."